Swali la Mazuku Darasani: Mwongozo wa Kuunganisha Uchunguzi wa Wanafunzi na Mafundisho Yenye Ushahidi

Mtoto wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo ulio chini ya volkeno ya Nyiragongo, anayekulia upande wa Mugunga, Bulengo au Lac Vert hulijua neno mazuku, yaani mashimo yanayokusanya gesi ya kuua, kabla hajajua kuandika jina lake. Ameonywa asishuke katika mashimo fulani ya mawe ya volkeno, hasa alfajiri wakati upepo umetulia, na huenda amewahi kuona mbuzi aliyekufa bila jeraha lolote. Mtoto huyohuyo akifika mwaka wa saba hunakili kutoka ubaoni kwamba kaboni daioksidi ni gesi isiyo na rangi wala harufu, huikariri sentensi hiyo kwa ajili ya interogasio, yaani mtihani mdogo wa darasani, kisha huisahau, bila mtu yeyote kumsaidia kutambua kwamba alichokinakili ndicho kilichomuua mbuzi wa jirani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa sayansi wa mwaka wa saba na wa nane, mwenye wanafunzi 50 au 60 katika chumba kimoja, asiye na maabara, na mwenye fishi ya maandalizi (karatasi ya mpango wa somo) ambayo prefe, yaani mkuu wa shule, ataitaka asubuhi. Nitaufuata mfano mmoja wa mazuku tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ni afadhali kuona somo moja likifanyika lote kuliko kupewa vipande vya masomo 10.

Ushahidi unasema nini

Mwaka 1961 mwanasaikolojia Jerome Bruner alitetea wazo kwamba mwanafunzi hushika vizuri kile alichokigundua mwenyewe. Katika nchi zinazotumia Kifaransa wazo la uchunguzi liliimarishwa na mpango wa La main à la pâte, ulioanzishwa Ufaransa mwaka 1996 na mwanafizikia Georges Charpak, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1992. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walipinga kwa nguvu mafundisho yanayomwacha mwanafunzi na mwongozo mdogo, wakisema kwamba akili ya anayeanza hulemewa na kutafutatafuta hata isibakize nafasi ya kujifunza. Mwaka uliofuata Cindy Hmelo-Silver na wenzake wakawajibu kwamba uchunguzi uliopangwa vizuri haumwachi mwanafunzi peke yake, bali umejaa misaada.

Ubishi huo ungeweza kubaki wa maneno matupu. Lakini mwaka 2011 Louis Alfieri na wenzake walichambua tafiti 164 na kukuta kwamba wanafunzi walioachiwa wagundue bila msaada walijifunza kidogo kuliko waliofundishwa waziwazi, ilhali waliochunguza huku wakiongozwa walijifunza zaidi kuliko waliofundishwa kwa njia nyingine zilizolinganishwa nao. Mwaka 2016 Ard Lazonder na Ruth Harmsen, baada ya kupitia tafiti 72 za uchunguzi darasani, walithibitisha kwamba mwongozo ndio unaoleta tofauti. Mwalimu anayeambiwa katika semina kwamba kueleza jambo ubaoni ni dhambi ya kizamani ana haki ya kuuliza ushahidi wa kauli hiyo uko wapi.

Sehemu kubwa ya tafiti hizi imefanyika Ulaya na Marekani ya Kaskazini, katika madarasa yasiyobanana kama yetu. Hiyo ndiyo sababu hatua ya mwisho ya mwongozo huu inamtaka mwalimu apime mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Chagua swali dogo linalouma

"Volkeno ni nini?" si swali la uchunguzi, kwa sababu jibu lake liko kitabuni na mwanafunzi hana cha kufanya ila kulitafuta. Swali linalofaa lina sifa tatu: limetoka mahali ambapo mwanafunzi anaishi, linaweza kujibiwa kwa jambo litakalofanyika darasani, na jibu lake linabeba wazo moja kubwa la programu. Kwa mazuku, swali langu ni hili: kwa nini mbuzi aliyeshuka shimoni hufa, ilhali majani yaliyo juu ya ukingo wa shimo hilohilo huliwa na mbuzi wengine salama? Wazo kubwa lililofichwa ndani yake ni kwamba gesi ina uzito, na kwamba gesi nzito hutulia chini kama maji.

Hapa kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba uchunguzi huu hufanyika darasani tu. Usiwapeleke wanafunzi kwenye mazuku, usiwaagize wakapime, na waambie waziwazi kwamba kimo cha mtu mzima si kinga, kwa maana watu wazima pia wamekufa humo walipoinama au walipoingia kumwokoa mwenzao. Ya pili ni ya moyo: katika darasa la Goma hukosi mtoto aliyempoteza ndugu au aliyekimbia nyumba yake katika milipuko ya Nyiragongo ya Januari 2002 au ya Mei 2021. Uliza juu ya gesi na mbuzi, wala usimlazimishe mtoto asimulie ya kwao.

Hatua ya pili: Fundisha kwanza kile ambacho uchunguzi unakihitaji

Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, na mimi mwenyewe niliiruka. Mara yangu ya kwanza niligawa siki na bikaboneti kwa vikundi nane, nikasema "chunguzeni", nikarudi nyuma nikitabasamu kama mtu aliyeingia katika ualimu wa kisasa. Vikundi vyote nane vilitengeneza povu, vikafurahi mno, na kesho yake nilipouliza walijifunza nini nikaambiwa kwamba bikaboneti inachemka. Hawakuwa na kosa. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwanafunzi aliye mgeni wa jambo huhitaji sana kuambiwa atazame nini, kwa sababu povu linavutia macho na gesi haionekani.

Kwa hiyo, siku moja kabla, andika kwenye daftari lako mambo ambayo mwanafunzi asipoyajua hawezi kufikiri juu ya swali. Kwa somo hili ni matatu: hewa ni mchanganyiko wa gesi, moto unahitaji oksijeni, vitu viwili vyenye ujazo sawa vinaweza kuwa na uzito tofauti. Yafundishe waziwazi kwa dakika 20, kidogokidogo, ukiuliza baada ya kila jambo kabla ya kuendelea, kama Barak Rosenshine alivyopendekeza mwaka 2010 katika muhtasari wake wa kanuni za ufundishaji. Usiseme bado kwamba kaboni daioksidi ni nzito kuliko hewa, maana hilo ndilo watakalolitafuta.

Kwa nini mambo matatu na si manane? Nelson Cowan alionyesha mwaka 2001 kwamba akili inaweza kushika kwa wakati mmoja vitu vipya vinne hivi. Kwetu sisi lugha nayo hula nafasi hiyo. Mwanafunzi wetu hucheza, hubishana na hununua chumvi kwa Kiswahili, kisha anaingia katika somo la Kifaransa ambamo kila neno la sayansi ni mzigo wa pili juu ya wazo lenyewe. Mtoto anayehangaika kukumbuka tofauti ya "masse" (tungamo) na "volume" (ujazo) hana akili iliyobaki ya kujiuliza kwa nini mshumaa umezimika. Nimeona inafaa kufundisha wazo kwa Kiswahili, kubashiri kwa Kiswahili na kubishana kwa Kiswahili, halafu, wazo likishasimama, kulivisha neno la Kifaransa ambalo mtihani utalidai: gesi iliyotulia chini ya chombo sasa inaitwa "gaz carbonique", na kila mmoja anaiandika mara mbili katika sentensi yake. Wapo wenzangu wanaoogopa kwamba njia hii inadhoofisha Kifaransa. Mimi naona kwamba neno hushika mahali pakiwa na kitu cha kushika.

Hatua ya tatu: Ubashiri uandikwe kabla ya kuona chochote

Onyesha chombo chenye mishumaa mitatu ya urefu tofauti, eleza kwamba gesi itatengenezwa chini yake, kisha kila mwanafunzi aandike peke yake, kwenye nusu karatasi, mshumaa upi utazimika kwanza na kwa nini. Dakika tatu zinatosha. Kusanya karatasi zote, kwa sababu ubashiri uliobaki mkononi mwa mwenyewe hurekebishwa kimyakimya.

Hatua ya nne: Wafundishe jaribio la haki

Mwaka 2004 David Klahr na Milena Nigam walifanya utafiti kwa watoto 112 wa darasa la tatu na la nne nchini Marekani. Nusu yao walifundishwa waziwazi namna ya kupanga jaribio linalobadilisha kitu kimoja tu, na nusu waliachiwa wagundue wenyewe. Waliofundishwa waliofaulu kuumiliki ujuzi huo walikuwa wengi zaidi kwa mbali, na baada ya hapo, watoto walioufikia ujuzi huo, kwa njia yoyote ile, waliutumia sawasawa.

Goma inatupa mfano ambao hakuna kitabu kinachoweza kuushinda. Chora ubaoni chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikiteremka mlima: ya kwanza imebeba magunia mawili ya viazi na magurudumu yake yamepakwa mafuta, ya pili imebeba gunia moja na magurudumu yake ni makavu. Ya kwanza imefika mapema. Je, ni kwa sababu ya mzigo au kwa sababu ya mafuta? Darasa litagawanyika, sauti zitapanda, na mwishowe atapatikana mmoja, aghalabu yule ambaye kaka yake anaendesha chukudu, atakayesema kwamba haiwezekani kujua kwa sababu vimebadilishwa vitu viwili. Mshike hapohapo. Andika kanuni ubaoni kwa maneno yake, kisha toa mifano mingine miwili ya haraka, mmoja wa haki na mmoja usio wa haki, nao waseme upi ni upi.

Hatua ya tano: Uchunguzi wenyewe

Heather Banchi na Randy Bell walieleza mwaka 2008 ngazi nne za uchunguzi: kuthibitisha jambo linalojulikana, kufuata swali na njia alizotoa mwalimu bila kujua jibu, kupewa swali tu na kubuni njia, na hatimaye kubuni swali na njia. Mwanzoni mwa mwaka kaa kwenye ngazi ya pili. Ngazi ya nne ni tamu kuisimulia katika semina, lakini darasa la watu 60 wasiozoea huifikia mwishoni mwa mwaka, kama huifikia.

Vifaa vya kila kikundi cha wanafunzi sita au saba ni bidoni (dumu la plastiki) la mafuta la lita 5 lililokatwa sehemu ya juu, mishumaa mitatu iliyokatwa kwa urefu wa sentimita 3, 6 na 10, kijiko cha chai, bikaboneti, na siki, ambayo sokoni Virunga utaipata kwa jina la vinegri. Kijiko kimoja cha bikaboneti, yaani gramu 5 hivi, kikichanganywa na mililita 75 za siki ya kawaida, hutoa zaidi ya lita moja ya gesi, kiasi cha kumfikia mshumaa mfupi na mara nyingi ule wa kati. Kijiko cha pili, pamoja na siki yake, humaliza kazi. Mishumaa isimame katikati, mbali na kuta za plastiki, na kibiriti kibaki mkononi mwa mwalimu. Bikaboneti inyunyizwe sakafuni mwa bidoni, halafu siki imiminwe polepole kwa kufuata ukuta. Anayemwaga kwa pupa ataumwagia mshumaa siki, na hapo hatajua ni gesi au ni maji yaliyouzima. Funga madirisha wakati wa jaribio, kwa sababu upepo wa ziwa huharibu kila kitu, na uyafungue mara baada ya hapo.

Kama fedha hazitoshi kwa vikundi vyote, fanya bidoni nne, nusu ya darasa ichunguze huku nusu nyingine ikiandika kile inachokiona, kisha wabadilishane. Sioni hasara kubwa katika hilo. Hasara kubwa iko katika kufanya jaribio moja mezani kwa mwalimu, ambapo safu mbili za mbele huona na zilizobaki husikia makofi.

Unapozunguka, uwe na maswali machache uliyoyaandaa, nayo yasiwe ya kutoa jibu. Mimi hutumia haya: Umeona nini hasa? Ni kitu gani ulichokibadilisha? Ungeona nini kama wazo lako lingekuwa si kweli? Swali la tatu ni gumu, na ukimya unaolifuata hutamanisha mwalimu kujibu mwenyewe. Vumilia, hesabu hadi kumi kimoyomoyo.

Kikundi kinachomaliza mapema kipewe jambo moja la kubadilisha: nusu kijiko badala ya kijiko kizima, au kupepea juu ya bidoni kwa daftari, nacho kibashiri kabla ya kufanya.

Hatua ya sita: Hoja, halafu maelezo ya mwalimu

Rudisha karatasi za ubashiri. Kila kikundi kiseme mambo matatu kwa mpangilio huu: tunadai nini, tumeona nini, na kwa nini tulichokiona kinaunga mkono tunachodai. Wengi watasema kwamba gesi ya kaboni ni nzito. Wabane kidogo: mmejuaje kwamba ni gesi hiyo? Mshumaa uliozimika unathibitisha tu kwamba hapo chini kuna kitu kisichosaidia moto. Ukiwa na maji ya chokaa yaliyochujwa hadi yakawa maangavu, onyesha jinsi gesi hiyo inavyoyageuza kuwa meupe kama maziwa. Chokaa iliyokaa wazi miezi mingi haitafanya hivyo, kwa sababu imekwisha kula kaboni daioksidi ya hewani, kwa hiyo ijaribu nyumbani kwanza ili usiaibike mbele ya watu 60.

Baada ya hapo simama na ufundishe. Hapa ndipo somo la uchunguzi linapoharibika mara nyingi, kengele ikilia wakati vikundi vinapangusa meza na kila mtu akiondoka na jibu lake. Eleza waziwazi kwa dakika 10: kaboni daioksidi ina uzito wa mara moja na nusu wa hewa yenye ujazo uleule, inapotoka ardhini mahali pa bonde pasipo upepo hujikusanya, mnyama mwenye pua karibu na ardhi huivuta kabla ya mwingine. Wanafunzi waandike muhtasari, nao ndio utakaoonekana kwenye daftari siku inspekta atakapopita.

Yupo mtafiti aliyegeuza mpangilio huu. Manu Kapur, tangu mwaka 2008, ameonyesha kwamba wanafunzi waliohangaika kwanza na tatizo, hata wakashindwa, kisha wakafundishwa, wanaweza kuelewa kwa undani zaidi. Simpingi. Lakini anayehangaika kwa faida ni yule ambaye tayari ana kitu cha kuhangaikia, na Slava Kalyuga na wenzake walieleza mwaka 2003 kwamba msaada unaomwinua anayeanza humzuia aliyekwisha kupevuka. Kwa hiyo katika mwaka wa nane, darasa lilelile likirudi kwenye gesi, tanguliza tatizo na uchelewe kueleza.

Hatua ya saba: Rudi kwenye jambo hilo

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma maandishi tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, ilhali waliojipima kwa kukumbuka bila kutazama waliwashinda baada ya siku mbili na baada ya wiki moja. Uliza basi maswali mawili baada ya siku mbili, mawili baada ya wiki, na moja baada ya wiki tatu, daftari zikiwa zimefungwa na bila alama.

Swali la wiki ya tatu lisiwe la mazuku. Langu huwa hili: usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, wingu la gesi lilitoka katika Ziwa Nyos nchini Kamerun na kuua watu zaidi ya 1,700, wengi wao wakiwa katika vijiji vya mabondeni. Gesi hiyo ilikuwa nini, na kwa nini mabondeni? Mwanafunzi anayejibu vizuri ameliondoa wazo kwenye bidoni na kulipeleka mahali pengine. Jiandae kwa swali litakalofuata, kwa sababu litakuja: Ziwa Kivu letu nalo lina kaboni daioksidi na methani nyingi katika vilindi vyake. Jibu kwa ukweli na bila kutisha, ukieleza kwamba gesi hizo zimeshikiliwa chini na uzito wa maji yaliyo juu yake na kwamba wanasayansi hulipima ziwa hilo.

Hatua ya nane: Jichunguze wewe

Mwenye darasa la 7A na 7B anaweza kufundisha moja kwa njia hii na jingine kwa maelezo na kunakili kama kawaida, kisha kuwapa wote swali la Nyos baada ya wiki tatu. Mpe mwenzako asahihishe bila kujua karatasi ni za darasa lipi, kwa sababu jicho la mwenye kazi hupendelea. Katika somo linalofuata badilisha madarasa, ili asiwepo aliyenyimwa na ili ujue kama tofauti ilitokana na njia au na 7A kuwa na vichwa vyepesi tangu zamani. Madarasa mawili hayathibitishi kitu kwa ulimwengu, lakini yanakutosha kuamua utafanya nini mwezi ujao, na karatasi zake ndizo zifaazo kuwekwa mezani katika mkutano wa walimu wa somo, badala ya malalamiko yetu ya kila mara kwamba wanafunzi hawasomi.

Kwa somo hilo linalofuata, mimi hutumia sufuria ya maharagwe. Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,460 na zaidi, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Muulize mtoto kwa nini mama yake hutumia makala (makaa) mengi hivyo kuivisha maharagwe, 7B waanze na kipimajoto, na 7A wanakili.